Maji ya Mchungwa Mmoja

Usiku kucha nilijiuliza kama kijiko cha mbolea ya kunyunyizia majani kifurike au kisawazishwe. Ikizidi, majani yataungua. Ikipungua, machungwa ya shamba la ujamaa yatapukutika kabla lori la kuyachukua halijafika. Nilikuwa bwana shamba mpya Newala, nimetoka chuoni na daftari lililojaa hesabu. Asubuhi nilifika shambani na bomba la kunyunyizia mgongoni, hesabu zote zimekamilika. Nilichosahau ni maji.

Mama mmoja, ambaye nyumba yake ilipakana na shamba, ndiyo kwanza alikuwa anapanda kutoka bondeni, ndoo kichwani.

"Shikamoo mama. Naomba maji ninyunyizie michungwa."

"Marahaba. Kiasi gani?"

"Ndoo kumi hivi zitatosha."

Akaishusha ndoo, akacheka mpaka akashika kiuno. "Bwana shamba, hii moja nimeifuata tangu alfajiri! Na huko chuoni kwenu miti inakunywa kwa majani?"

Nikaona mitungi yake mitupu mlangoni. Nikawaza kuandika barua wilayani kuomba maji, halafu nikawaza niianzeje, halafu kama niombe uhamisho kabisa.

Mwishowe niliazima kwake ndoo nyingine, nikashuka bondeni mwenyewe. Nilirudi saa nane mchana, shati limelowa, ndoo imebaki nusu. Jua lilikuwa kali mno kwa kunyunyiza, nikasubiri lipoe. Kisha nikapima nusu kijiko cha mbolea kwa ile nusu ndoo, bila kufungua daftari, nikanyunyizia mchungwa mmoja.