Wasifu Nilioandika Ubaoni

Nilirudi kazini Mugumu siku ya tisa baada ya kumzika baba. Walimu wenzangu walinipa pole mmoja mmoja ofisini, nami nikawa naitikia "nimeshapoa" kama mtu anayeitikia mahudhurio. Sikuwa na huzuni niliyoweza kuionyesha. Nilikula, nililala, niliamka, nilisahihisha. Nilichogundua tu ni kwamba chai haikuwa na ladha, hata nikiongeza sukari.

Jumatatu hiyo nilikuwa na vipindi viwili mfululizo vya Kiswahili, kidato cha tano. Mada ilikuwa kuchambua hotuba: nani anasema, anamwambia nani, anataka nini kwao, na ametumia maneno gani kuwafikisha huko. Nilikuwa nimepanga kuwapa hotuba ya mgeni rasmi wa mahafali, lakini umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi na steshenari hawakuweza kutoa nakala. Nikapekua mkoba. Karatasi pekee niliyoikuta ilikuwa wasifu wa marehemu, ule nilioandika mwenyewe ukasomwa nyumbani Kemambo kabla ya jeneza kushushwa.

Nikaunakili ubaoni. Mahali pa jina nikaacha mstari.

"Marehemu alizaliwa katika familia ya wakulima na wafugaji. Alikuwa mchapakazi, mpenda watu na mshauri wa wengi. Aliugua kwa muda mfupi, akatutoka. Ameacha mjane, watoto sita na wajukuu. Tulimpenda, lakini Mungu amempenda zaidi."

Nakumbuka nilirudi nyuma hatua mbili kutazama kama mistari imenyooka.

"Mnaona nini?" niliuliza.

Alianza kijana wa Sirari, aliyezoea kuongea kama Wakenya wa ng'ambo ya mpaka. "Madam, hapa kwa 'muda mfupi' kuna kitu kinafichwa. Muda mfupi ni siku ngapi? Huyu mwandishi hataki tuulize."

"Hataki nani aulize?"

"Wafiwa. Ama anajificha yeye mwenyewe."

Nikaandika pembeni: anaficha. Baba aliugua tangu masika ya mwaka mmoja mpaka masika ya mwaka uliofuata. Katika muda wote huo nilikwenda kumwona mara mbili.

Msichana wa dawati la mbele alinyoosha mkono. Baba yake alitoka Usukumani kufuata dhahabu, na yeye alikuwa mtoto wa maneno machache.

"Madam, wasifu huu nimeusikia kwenye misiba minne. Wa kaka yangu ulikuwa hivihivi. Ukijaza jina lolote pale, linakubali. Huyu mtu hayumo humu."

"Mwandishi angefanya nini?"

"Angesema kitu kimoja alichokuwa anafanya yeye tu." Akafikiri kidogo. "Labda hakumjua."

Darasa likacheka. Nikasema hiyo ni hoja nzuri. Nilisema hivyo kwa sababu ilikuwa hoja nzuri.

Ndipo kijana wa Sirari akauliza, "Kwani ni nani huyu, madam?"

Ningeweza kusema nimemtunga.

"Ni baba yangu. Na mwandishi ni mimi."

Mmoja wa nyuma akasimama, kisha wote wakasimama, kama wanavyomsimamia mkuu wa shule akiingia. "Pole, madam." Msichana wa mbele hakusimama. Alikuwa ameinamia dawati, mabega yanatikisika.

"Nisamehe, madam."

"Hujakosa. Umejibu swali. Kaeni."

Nikawapa kazi: aya moja kuhusu mtu wanayemjua, bila kusema mpole, mwema wala mchapakazi. Waandike alichofanya tu. Nikawaambia na mimi nitaandika, nikaketi na karatasi yangu mbele yao. Kengele ilipolia, wote walikuwa wameandika. Karatasi yangu ilikuwa na neno "Baba," na mkato.

Mchana huo nilisahihisha. Msichana yule alikuwa ameandika kwamba kaka yake, akitoka machimboni, hakuingia ndani kabla ya kunawa miguu, hata siku ambazo ndoo ya maji ilikuwa moja tu, na mama yao alikuwa akimgombeza kwa hilo. Nilimpa kumi na nane kati ya ishirini. Mbili nilikata kwa makosa ya tahajia.

Likizo ilipofika nikaenda Kemambo. Nilimkuta mama nje ya jiko anapukuchua mahindi. Nikamwamkia, nikavuta kigoda, nikaanza kupukuchua naye. Baada ya muda nikamuuliza, baba alikuwa anafanya nini ambacho watu wengine hawafanyi.

Akanitazama kama mgeni. "Si ulikulia hapa?"

"Sikumbuki."

Akaongea kwa Kikurya, polepole, macho kwenye gunzi. Alisema redio ilipokuwa ikisoma matangazo ya vifo, baba alivua kofia. Hata akiwa peke yake zizini. Hata kama aliyekufa ni wa mbali, hamjui wala hajui kwao. Tangazo likiisha, anaivaa. Likija lingine, anaivua tena.

Nikamwona. Nilikuwa nimemwona miaka yote hiyo, kofia juu ya goti, redio imening'inizwa kwenye mti wa zizi.

"Nilidhani anasikia joto," nikasema.

"Ndiyo ulivyodhani. Ukamwambia akanyoe nywele."

"Alinijibu nini?"

"Alikwenda kunyoa."

Nikangoja nilie. Nilihisi kitu kama ganzi ya mguu uliokaliwa muda mrefu, basi. Niliandika yale maneno nyuma ya daftari langu la maandalio ya masomo, kama mama alivyoyasema, kwa Kikurya, kwa sababu sikutaka kuyagusa. Kisha akaniambia kuna gunia jingine ndani, nikaenda kulivuta.