Pikipiki ya Marehemu Haikuwa ya Marehemu

Bi Mwanahawa wa Ziwani ameiba misibani tangu mimi sijazaliwa, na hakuna aliyewahi kumwita mwizi. Amebeba majogoo, amebeba masufuria, na safari moja alibeba godoro akalilalia katikati ya njia mpaka wafiwa walipomletea kuku. Ndiyo kazi ya mtani. Ukoo wake na ukoo wa Mzee Bwanaheri ni watani wa kuzikana: msiba ukiingia kwa mmoja, mwingine anakuja kuteka maji, kupika, kumsema marehemu vibaya na kukamata mali. Mali inakombolewa kwa kuku, watu wanacheka, machozi yanapumzika. Siku nyingine zote yeye ni mjane mwenye shamba la mihogo na mikorosho michache, na mdomo usio na breki.

Yeye na Bwanaheri walitukanana maisha yao yote. Yeye alimwita maiti mtarajiwa, naye akamwita mchawi asiye na wateja. Bwanaheri alipofariki kweli, Bi Mwanahawa aliingia msibani amevaa suruali na kofia ya marehemu, anachechemea kama alivyochechemea yeye, anafoka kwa nini uji wake umechelewa. Hata sheikh alijifunika mdomo.

Wanaume walipokwenda makaburini, akaiona pikipiki nyekundu imeegeshwa uani.

"Hii ya marehemu nimekamata!" alipaza sauti. "Anayeitaka alete kuku, tena awe mnono!"

Akaikokota mbele ya wanawake wote hadi kwake. Mvua ilikuwa inanyemelea, akaifunika turubai.

Hapo ndipo alipochemka. Pikipiki ilikuwa ya Fahad, mkwe wa marehemu, muuza vipuri wa Chikongola mjini, kijana aliyekulia mbali na anayedhani utani ni maneno tu. Aliporudi kuzika akaambiwa apeleke kuku akachukue chombo chake.

"Nimzawadie kuku mtu aliyeniibia?" akasema, akaenda polisi.

Askari waliikuta chini ya turubai, wakaandika kwamba imefichwa. Bi Mwanahawa alicheka njia nzima hadi mlango wa mahabusu ulipofungwa. Alipotoka kwa dhamana hakuwa anacheka tena.

"Kifungo nitakitumikia," aliniambia mimi jirani yake. "Lakini nikishaitwa mwizi na mahakama, nitaingia msiba wa nani? Watu watanifichia vyombo kwelikweli."

Nilikasirika, sikufichi. Nikamleta Rehana, msaidizi wa kisheria, binti mfupi asiye na subira na wazee wabishi.

"Bibi, ukisomewa shtaka utasemaje?"

"Nitasema kweli. Nilichukua, tena mchana kweupe."

"Basi umejifunga mwenyewe, watasema umekiri. Shtaka si la kuchukua, ni la kuiba. Kuiba kunataka nia ya ulaghai, na uwe huna haki unayoidai. Kataa kosa kwanza, habari ya kuchukua utaieleza zamu yako ikifika."

"Na kama nilikosea mwenye mali?"

"Kukosea si kuiba, mradi uliamini kwa dhati. Nani atasema uliamini?"

Hapo tukakwama. Aliyemwaminisha alikuwa kaburini. Miezi yake ya mwisho, Fahad alikuwa akimpakia Bwanaheri kumpeleka hospitali, na mzee akakitangazia kijiji kizima kwamba kanunua pikipiki, na yule kijana ni dereva wake. Wengi tuliusikia uongo huo, lakini sisi wote tulikuwa ndugu au majirani wa mshtakiwa. Aliyeishi nao ndani ya nyumba alikuwa mjane wake, Bi Zawadi, naye yumo edani, hatoki.

Sheikh aliulizwa, akasema kwa haja kama hiyo anaruhusiwa. Zawadi mwenyewe ndiye aliyegoma.

"Mume wangu hata udongo haujamkauka, niende nikamvue nguo mahakamani?" alimwambia Rehana, akamgeuzia mgongo.

Siku ya kesi tukaenda bila shahidi. Fahad aliapa, akaeleza, na kila alichosema kilikuwa kweli, jambo lililoniudhi zaidi. Bi Mwanahawa akasimama kumhoji.

"Mkwe, uliijuaje pikipiki yako ilipo?"

"Niliambiwa na kila mtu."

"Na mwizi gani huyo anayejulikana na kila mtu?"

"Sikuwa nalijua hilo la utani," Fahad akajibu. "Mimi si wa ukoo wao. Najua chombo ni changu na hukuniomba."

Zamu yake ilipofika, Bi Mwanahawa alieleza utani wote, na hakimu akamgeukia. "Mila yako nimeielewa. Lakini nini kilikufanya uamini kuwa hii ilikuwa mali ya marehemu?"

"Aliniambia mwenyewe, Mheshimiwa."

"Nani mwingine alisikia?"

Mlango ukalia. Bi Zawadi aliingia na nguo zake za eda, anapumua kwa shida.

"Mimi nilisikia," alisema alipokwisha kuapishwa. "Mheshimiwa, mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mwongo."

Ukumbi mzima ulipasuka kwa kicheko. Hakimu akagonga meza.

"Alisema pikipiki ni yake, na mkwe wake ni dereva. Alimwambia huyu mtani wake kuliko wote, maana alitaka amwonee wivu. Nami nilimwacha. Chakula kilikuwa hakipiti tena, uongo ule ndio uliokuwa unampa raha. Nilikataa kuja kumvua nguo, lakini hata yeye asingependa uongo wake umfunge mtani wake."

Fahad aliinamisha kichwa. Sijui kama ni aibu au kicheko.

Hakimu akasema aliyechukua kitu hadharani, akiamini kwa dhati kuwa ana haki nacho, hajaiba, hata kama amekosea. Akamwachia huru.

Tulitegemea vigelegele. Bi Mwanahawa akaketi barazani pa mahakama, kikapu pembeni. Nikamuuliza ana nini.

"Aliyekuwa ananiweza ndiye yule tuliyemzika," akasema. "Mimi nikifa, nani ataniibia?"

Zawadi alikuwa nyuma yetu. Si mtani wake kwa damu, aliolewa tu katika ukoo ule. Akainama, akakinyakua kikapu, akaanza kuondoka nacho, anachechemea vilevile kama marehemu.

Bi Mwanahawa aliruka juu, machozi yanamtoka na meno yote yako nje.

"Mwizi!" alipiga kelele mbele ya askari wa getini. "Mwizi huyo, mkamateni!"

Zawadi hakugeuka.

"Lete kuku!" alisema.