Duka la Kunyimwa

Mjini watu huuza kila kitu. Wako wanaouza maji ya bomba kwenye chupa zenye picha ya mlima, wako wanaouza siri za utajiri huku soli za viatu vyao zimeachama, na wako wanaouza viwanja ambavyo hata ndege hawajawahi kutua. Mama Hapana anauza neno moja tu, na neno lenyewe ndilo mtaa ulilompa kuwa jina. Unampa hela zako akutunzie, kisha unamlipa ili siku ukizifuata akunyime.

Usicheke kwanza. Biashara yake ina mlango, ina benchi, na ina wateja wengi kuliko ofisi nyingi zenye viyoyozi. Chumba chake kimebanwa kati ya fundi viatu na kinyozi, na ndani yake kuna kabati la chuma alilolinunua kwenye mnada wa ofisi fulani iliyokuwa imechoka kutunza mafaili. Kabati limejaa mikebe. Kuna mikebe ya maziwa ya unga, kuna ya rangi, kuna wa biskuti wenye picha ya bibi harusi aliyeota kutu puani. Kila mkebe fundi bati ameuwekea mfuniko wenye bawaba, akautoboa tundu la kupitishia hela, akaupiga kufuli. Ufunguo anaondoka nao mteja, mkebe unabaki kwa Mama Hapana. Kwa hiyo yeye hawezi kuiba, na mwenyewe huwezi kutumia. Mnabaki mnatazamana.

Siku ya kufungua mkebe mteja husema mambo mawili. Kwanza, hela ni za kazi gani. Pili, na hapa ndipo wageni huanza kukohoa, husema uongo atakaokuja nao siku tamaa ikimshika.

"Maana utakuja," Mama Hapana huwaambia, bila ubaya wowote. "Kila mtu huja. Sasa niambie mapema, utakuja umeuguliwa na nani?"

Hapo mtu hutazama dari, hucheka kidogo, halafu hutoa. Mmoja ataunguliwa nyumba. Mwingine atafiwa na mjomba. Na uongo wa juujuu haupokelewi. Mjomba ameugua nini, nyumba imeungua upande gani? Yote hayo Mama Hapana huyaweka kichwani, na siku mteja akitokea mlangoni na uso wa msiba, yeye humsaidia kumalizia sentensi. Mtu huondoka amenuna, mwisho wa wiki hurudi kumshukuru.

Yumo hata mfanyakazi wa benki. Huja kwa mlango wa nyuma, tai ameikunja mfukoni. Alipoulizwa kwa nini asiweke akiba kule kule kazini, alijibu kwamba kule akiomba hela zake wanampa.

Usidhani Mama Hapana alizaliwa na moyo wa jiwe. Zamani chumba hicho hicho kilikuwa duka la sukari, sabuni na mafuta ya taa, na mwenye duka alikuwa na ugonjwa wa kusema ndiyo. Jirani akija na mtoto analia, chukua. Akija na hadithi nzuri, chukua na kibiriti juu. Duka halikuibiwa wala halikuungua, lilikufa kwa huruma, na siku ya kufunga, wale wale waliolila ndio waliokuja kumpa pole. Kilichobaki ni mizani, na mizani yenyewe alikuja kuiazima mtu.

Ni shemeji yake, mdogo wa mumewe, aliyegundua kipaji ambacho mwenyewe hakujua anacho. Alimwachia mshahara akamwomba asimpe hata senti mpaka kodi ya nyumba ifike. Haikupita wiki akarudi anazitaka, akalia, akatukana, akataja ukoo mzima. Mama Hapana hakutikisika. Akashangaa mwenyewe. Kumbe hela zake ndizo zilizokuwa na miguu. Za mwenzake, alizoombwa azishike, angeweza kuzikalia kama kuku anayeatamia. Shemeji alipolipa kodi akamletea kitambaa cha gauni, na kabla gauni halijashonwa watu walikuwa wanabisha hodi na mikebe kwapani.

Hela zake mwenyewe, lakini, hazikai hapo. Anajijua. Mkebe wake unalala chini ya kitanda cha mama mkwe wake, kwenye chumba cha nyuma, naye ni askari magereza mstaafu aliyelinda wafungwa wanawake mpaka mvi zikamtoka, na ambaye mpaka leo anakunywa chai akiwa amesimama. Hela ni za kabati la pili, kubwa zaidi. Na kama mteja mwingine yeyote, Mama Hapana naye alitaja uongo wake.

Sasa tuje kwa kinyozi.

Kinyozi wa chumba cha jirani alikuwa anaweka hela za kiti. Si kiti cha kukalia tu, kile kiti chenyewe, kinachopanda kwa kukanyagwa, kinachozunguka, kinacholala nyuma mteja akinyolewa ndevu. Wakati huo wateja wake walikuwa wanakaa kwenye kiti cha plastiki juu ya matofali, na mwenye kitambi alikuwa ananyolewa huku anaomba Mungu. Uongo alioutaja kinyozi ulikuwa wa kawaida kabisa, mama yake mzazi mgonjwa. Alipobanwa anaumwa wapi, alisema mguu. Mguu upi? Wa kushoto. Na kweli, kabla mwaka haujafika katikati, simu mpya iliyowekwa kwenye dirisha la duka ilipomtoa udenda, alikuja anaburuza miguu.

"Mama," alisema Mama Hapana bila kuinua macho. "Mguu. Wa kushoto."

Kinyozi akacheka mwenyewe, akarudi kazini. Simu ikanunuliwa na mwingine.

Ndiyo maana asubuhi ile aliporudi tena, akasimama mlangoni na mashine ya kunyolea bado mkononi, waya unaning'inia, akasema mama ameanguka bafuni na mguu umevunjika, neno lilishatoka kinywani mwa Mama Hapana kabla hajafikiri.

"Hapana."

Fundi viatu akacheka. Wateja waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Kinyozi hakucheka. Hakubisha, hakuapa, hakutaja Mungu wala ukoo. Alikaa chini sakafuni pale pale, kama mzigo uliokatwa kamba.

Na hapo Mama Hapana akaona kitu nje. Mbele ya saluni alisimama mwanamume mnene mwenye shuka la kinyozi shingoni, nusu ya kichwa inang'aa, nusu nyingine ina nywele kama kichaka, anauliza wapita njia kama wamemwona mtu. Kinyozi huyu alikuwa na makosa yake mengi, lakini hajawahi kuacha kichwa cha mtu katikati. Hata siku ile ya simu alimaliza kwanza, akapangusa, akapokea hela, ndipo akaja kudanganya.

"Mguu upi?" akauliza, sauti imeshuka.

"Wa kushoto, dada," kinyozi akasema, na akafunika uso kwa aibu, maana alijua inavyosikika.

Benchi zima lilimgeukia Mama Hapana. Mama Hapana alizitazama nyuso zile na akazisoma moja baada ya nyingine. Akifungua mkebe huu kwa mama mgonjwa, basi kufikia jioni mtaa mzima utakuwa hauna mama mzima. Watakuja na akina mama wa miguu, wa vifua, wa macho. Kabati litabaki tupu, nalo duka la pili litaenda lilikokwenda la kwanza. Asipofungua, kuna mwanamke amelala mahali na mfupa umetoka mahali pake, na kosa lake ni kwamba mwanawe alimtangazia ugonjwa mapema.

Aliinuka, akamwambia kinyozi asubiri, akaingia chumba cha nyuma. Ufunguo wa mkebe wake alikuwa nao shingoni. Angemkopesha za kwake, yaishe.

Mama mkwe alikuwa amesimama na kikombe chake.

"Mama, nipe mkebe wangu mara moja."

"Wa nini?"

"Kuna mteja wangu ana shida..."

Hakumaliza. Bibi yule alikunywa chai taratibu, akameza, akatabasamu tabasamu ambalo wafungwa wengi waliliota usiku.

"Kuna mteja wangu ana shida, nitamkopesha tu, atarudisha," akammalizia. "Uliniambia mwenyewe utakuja nao huu. Ukasema utakuja umeshika kiuno. Hebu jitazame."

Mama Hapana akatoa mkono kiunoni.

"Mama, safari hii ni kweli."

"Wote husema hivyo. Na wewe ndiye uliyenifundisha kwamba wote husema hivyo."

"Kwa hiyo nimwache yule mama afe?"

"Nani kasema afe? Mwenye shida ana hela zake, wewe unataka kutoa zako. Hiyo si huruma, mwanangu, ni ule ugonjwa wako wa duka la sukari umerudi." Akaweka kikombe chini, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. "Kule kazini, mfungwa akiugua hatukumwachia aende nyumbani. Wala hatukumwacha afe selo. Tulimpeleka hospitali na pingu zake mkononi, akatibiwa, akarudi. Sasa toka hapa, unanipozea chai."

 Mama Hapana akacheka peke yake, akachukua viatu vyake vya kutokea, akarudi mbele. Akatoa kabatini mkebe wa kinyozi, akaufunga kwenye kitambaa, akauweka kwapani, akawatoa watu wote kwenye benchi na kufunga mlango wa duka.

"Haya, kaka. Mkebe haufunguliwi hapa. Tunaupeleka kwa mgonjwa. Shika ufunguo wako, tangulia."

Yule mwanamume wa nusu kichwa aliuliza na yeye je. Akaambiwa avae kofia.

Zahanati haikuwa mbali. Mama wa kinyozi alikuwa amelazwa kwenye benchi la ukumbini, majirani wawili wamemshika, na mguu wa kushoto umeelekea upande wake peke yake kama mtu aliyekosana na wenzake. Karani wa malipo alikuwa nyuma ya kidirisha, anaeleza kwa upole wa kukera kwamba picha ya mfupa hupigwa baada ya malipo. Mama Hapana akamtaka ataje kiasi. Akatua mkebe kwenye kidirisha, kinyozi akafungua kufuli, mkono ukaingia, ukatoka na kile kile kilichotajwa. Kabla kinyozi hajauchungulia ndani vizuri, mfuniko ulikuwa umeshashuka na kufuli limeshabana.

"Na nauli ya kurudi?" kinyozi akajaribu.

"Hapana."

Mgonjwa akafumbua macho. Akamtazama yule mwanamke mwenye mkebe toka juu hadi chini.

"Wewe ndiye unayemnyima mwanangu?"

"Ndiye mimi, mama. Na leo asubuhi nilimnyima, nisamehe. Nilidhani ni ule mguu wa zamani."

"Mguu wa zamani upi?"

Kinyozi alianza kutazama bango la kunawa mikono kwa makini ya ajabu. Ikabidi aeleze. Mama yake alisikiliza mpaka mwisho, akiugulia kidogo pale maumivu yalipomkata.

"Kumbe ulishanivunja mguu tangu kabla sijaanguka," akasema. Halafu akamgeukia Mama Hapana. "Mwenzangu, endelea kumnyima."

Mguu ulifungwa plasta. Kiti cha kinyozi kilisogea mbele miezi kadhaa, lakini mkebe ulirudi kabatini na kitu tumboni, tena kufuli likiwa limefungwa, na hilo mtaa mzima ulikuwa umeliona kwa macho.

Uliliona, na ukalielewa vibaya, kama ilivyotarajiwa. Kesho yake, mlango wa duka ulipofunguliwa, benchi lilikuwa limejaa huzuni. Mshona nguo ana dada hoi. Muuza mayai ana bibi yuko katika dakika za mwisho. Mfanyakazi wa benki, safari hii kwa mlango wa mbele, baba mkwe wake amepooza mkono.

Mama Hapana aliwasikiliza kwa heshima zote. Kisha akainama chini ya meza, akavaa viatu vya kutokea, akakaza kamba, akachukua kitambaa chake.

"Poleni sana," akasema. "Tuanze na nani? Twendeni tukawaone."

Mshona nguo akakumbuka kwamba dada amepata nafuu. Muuza mayai akasema bibi hapendi wageni. Baba mkwe wa yule wa benki, ikajulikana, anakaa mbali, mbali sana, barabara mbaya. Mama Hapana akasema hana haraka, yuko tayari kulala njiani. Benchi likawa wazi, na akaanza kufagia.

Aliyebaki ni kinyozi. Alikuja na hela za jana, za kile kichwa, ambacho hatimaye kilimaliziwa jioni na mwenyewe akadai alipe nusu; kinyozi alikuwa amemwita Mama Hapana amjibu mteja kwa niaba yake, naye akamjibu kwa neno lake lile moja. Akazipenyeza kwenye tundu, moja moja.

"Sasa yule mama yako ameshatumika," Mama Hapana akasema. "Siwezi kukuwekea uongo ambao ni kweli. Nipe mwingine."

Kinyozi akatazama dari.

"Mke wangu. Uchungu wa uzazi."

"Huna mke."

"Sasa si ndiyo uongo wenyewe, dada?"

Mama Hapana akaufikiria, akaupima, akaona unafaa. Akaurudisha mkebe kabatini, akausukuma mpaka nyuma kabisa, akafunga.

"Basi ukioa," akasema, "njoo kwanza hapa tuubadilishe."