Kilomita Elfu Mbili za Shangazi

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na kwa kupima hana mpinzani. Akikutazama tu mlangoni keshajua kiuno chako, na akikosea, basi wewe ndiye uliyenenepa njiani. Binti yake anaishi mji wa mbali, ng'ambo ya bahari, na ana mtoto wa kike wa miaka mitatu anayemjua bibi yake kwenye simu tu. Tiketi ilishaletwa mara mbili. Mara ya kwanza shangazi alikuwa na sare za shule za kushona. Mara ya pili, mgongo.

Mara ya tatu akaja na hesabu. Nilimkuta kwenye chumba chake cha kushonea, miwani puani, amenyoosha futi yake juu ya ramani ya dunia iliyobandikwa ukutani.

"Mwanangu, hawa watu wa ndege ni waongo. Ramani inasema kilomita elfu kumi na mbili. Karatasi yao inasema elfu kumi. Mafuta yakiisha, hizo elfu mbili nizimalizie kwa kuogelea?"

"Labda wanajua njia ya mkato, shangazi."

"Angani nako kuna vichochoro?"

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, lakini kumweleza shangazi jambo asilolitaka ni kutwanga maji kinuni. Kesho yake nikamletea tufe la dunia kutoka darasani, nikaliweka mezani kati ya mkasi na chaki. Akakata uzi, akaushikilia kutoka mji wetu hadi mji wa binti yake, akauvuta. Uzi ukaiacha njia aliyoipima, ukapanda kaskazini, ukawa mfupi. Akauvuta tena. Kisha akacheka mpaka akashika meza.

"Kumbe dunia ina kitambi! Nami nimeipima kama kitambaa kilicholazwa mezani. Hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza hafanyi hivyo!"

Nikadhani tumemaliza. Akaketi, akawa anauzungusha ule uzi kidoleni.

"Mafuta ya ndege wala siyaogopi," akasema. "Naogopa nivuke maji yote hayo, halafu mjukuu wangu anikimbie kama mgeni."

Iliniuma kumsikia. Nikamwambia kukaa nyumbani hakutamfanya mtoto amzoee. Akanisonya, akaenda kutafuta begi.

Alipiga simu siku ya pili baada ya kufika.

"Je, amekukimbia?" nikauliza.

"Mbio kabisa! Jana kutwa kajificha nyuma ya mama yake, mimi roho juu. Leo asubuhi nasikia mtu ananipandia kitandani. Kumbe keshavificha viatu vyangu, na hataki kusema wapi, eti nisiondoke."

Nikacheka, nikamuuliza anarudi lini.

"Nitarudije bila viatu?" akasema, akakata simu.