Mkwe wa Mlango wa Pili

Watu wa mjini wakisikia habari za Silasi Ngolo hucheka. Wacheke tu, kucheka hakulipiwi. Lakini mtu aliyewahi kuwa na mkwe kule kwetu, upande wa Mugeta, hacheki, maana anajua kwamba mama mkwe hatazamwi usoni, haitwi jina, wala hapitwi njiani bega kwa bega kama mtu uliyekutana naye mnadani. Ukimwona anakuja unaingia majanini, unampa mgongo, unangoja apite. Hiyo ndiyo heshima yenyewe. Nyingine hakuna.

Silasi aliifanya kazi hiyo miaka kumi na minane, na aliifanya vizuri. Alimposa Wankyo akiwa kijana mwenye ng'ombe wanne na mtamba mmoja aliyechechemea. Kaka zake Wankyo waliwatazama wale ng'ombe wakacheka mpaka wakashika mbavu. Ndipo sauti ya mama yao ikatoka ndani, nyuma ya ukuta: "Ng'ombe wanazaaga. Na dharau nayo inazaaga. Mpeni mwenzenu mke aende." Silasi alikuwa amekaa nje, kichwa chini, hakumwona aliyesema. Tangu siku hiyo, kila alipoingia majanini kumpisha yule mama, alikuwa anamshukuru. Hakuwa na njia nyingine ya kumwambia ahsante.

Mama huyo alibatizwa ukubwani akaitwa Getruda. Mimi namtaja, mdomo ni wangu. Silasi hakumtaja hata siku moja.

Basi mwaka wa sabini na nne ikaja operesheni. Watu waliozoea kukaa kila mmoja kwenye kilima chake, moshi wa jirani wakiuona kwa mbali, wakaambiwa wahamie kijijini. Nyumba kwa mistari, milango yote iangalie barabara. Karani wa viwanja, kijana mmoja aitwaye Clementi, suruali imepigwa pasi mpaka inakata, akapita na kamba na vigingi. Silasi akapewa kiwanja namba thelathini na moja. Namba thelathini na mbili akapewa mjane Getruda, kwa sababu karani aliona kwenye daftari kwamba Wankyo ni binti yake, akasema mtu na mama yake wakae karibu wasaidiane. Alitenda wema, masikini wa Mungu. Hakujua alichokitenda.

Kutoka mlango mpaka mlango zilikuwa hatua kumi na mbili. Majani? Majani yote yalishafyekwa, nyoka wasije. Sasa mtu atajificha wapi, nyuma ya kigingi?

Silasi alikwenda ofisini, kofia mkononi.

"Bwana Karani, nihamishe. Nipeleke hata kule mwisho kwenye mawe."

"Kwa nini, ndugu?"

"Jirani yangu ni mkwe wangu. Mama wa mke wangu."

"Si ndiyo vizuri? Ukiugua atakupikia uji."

Loo! Silasi aliona aibu utadhani amevuliwa nguo. Akajaribu kueleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo maneno yalivyozidi kuwa ya kijinga masikioni mwake mwenyewe. Clementi akafunga daftari. "Ndugu Silasi, hayo mambo yapo kichwani tu. Viwanja vimeshaandikwa."

Ndipo yakaanza maisha ya kuchungulia. Asubuhi Silasi anasimama nyuma ya mlango, jembe begani, anamtuma mkewe nje kama jasusi.

"Yupo?"

"Yupo. Anaanika mtama."

"Bado?"

"Mtama haujaisha, wewe! Nimfukuze mama yangu kwake?"

Hata kwenda choo kulikuwa na ratiba. Kwenye shamba la kijiji alichelewa kila siku, akasemwa mbele ya watu kuwa mvivu, yeye aliyekuwa akivuna pamba kuliko wengi. Na yule mama upande wake naye alikuwa hivyo hivyo, anakohoa kabla ya kutoka, anajifunika khanga, anapita ukutani. Wawili hao walikuwa wanakimbiana mahali ambapo hapakuwa na pa kukimbilia.

Jioni watu wazima walikuwa wakienda kusoma. Mwalimu wao aliitwa Hyasinta, mwanamke mpole kutoka Musoma. Siku moja baada ya somo Silasi alibaki, akamweleza. Mwalimu hakucheka, nampa sifa zake.

"Ndugu Silasi," akasema, "kuna matatizo hayaondoki. Nyumba haitahama, mkwe hatahama. Kilichobaki ni wewe kubadilisha unavyoliangalia jambo. Mzigo ukikuchosha kichwani, unauhamishia begani. Huyo ni mama, naye ni jirani. Mwangalie kama jirani. Msalimie tu, utaona ulikuwa unaogopa kivuli."

Maneno matamu, na mwenye shida halali juu ya maneno matamu, huyachukua akaondoka nayo. Silasi aliyashika wiki nzima. Kwenye palizi anajiambia: ni jirani. Akinywa uji: ni jirani. Alijisikia mwepesi, jamani, mpaka siku moja akapiga mluzi. Wankyo akamuuliza ameokota nini.

"Nimebadilisha mawazo," akasema.

"Umeyapeleka wapi?"

Hakumjibu. Laiti angemjibu! Wankyo angemzuia.

Kesho yake asubuhi Silasi akatoka bila kuchungulia. Yule mama alikuwa anafagia mlangoni kwake, ameinama. Silasi akasimama mbele yake, hatua nne, akamtazama usoni, akasema kwa sauti iliyo wazi, "Shikamoo, mama."

Ufagio ukaanguka. Yule mama aliinua uso, na Silasi akauona kwa mara ya kwanza. Ulikuwa uso wa Wankyo aliyezeeka, na mwanya ule ule kwenye meno. Yule mama akarudi kinyumenyume, akajikwaa kizingiti, akaingia ndani, mlango ukafungwa.

Mchana akamwita binti yake. Wankyo alirudi akilia. "Anauliza amekukosea nini. Anasema ng'ombe wako wanne hakuwadharau. Anauliza kwa nini leo umemdharau mbele ya barabara."

Silasi akakaa chini. Alitaka kusema kwamba alikuwa anamheshimu kwa namna mpya, lakini namna mpya aliijua yeye peke yake. Maji yakimwagika hayazoleki. Alituma radhi kwa mdomo wa Wankyo, akatuma kuku, akatuma tena radhi. Jibu lilikuwa moja: "Nimesikia." Tangu hapo yule mama hakutoka mchana. Alikuwa anateka maji alfajiri, kabla watu hawajaamka. Silasi alisikia hatua zake zikipita, akajua kwamba amemfunga jela mtu aliyempa mke. Alitaka kitu kimoja tu, yule mama aseme amemsamehe. Hakujua pa kuanzia.

Mvua za masika zikaja, na homa ikaja nazo. Getruda akalala. Siku mbili Wankyo alimuuguza. Siku ya tatu viongozi wa kijiji wakasema ruhusa imekwisha, palizi ya pamba haingoji, kila mtu shambani mpaka saa nane. Wankyo akamwachia mama yake maji kwenye kibuyu karibu na kitanda, akaondoka akigeukageuka. Kijiji kikabaki kitupu, watoto nao wako shuleni. Aliyebaki ni Silasi, maana wiki hiyo alikuwa amejikata mguu kwa jembe, umevimba, hata kiatuni hauingii.

Karibu na saa sita akasikia kitu kinaanguka kule mlango wa pili. Kisha sauti, ndogo.

"Wankyo. Wankyo we."

Silasi akashika fimbo.

"Nyie wa hapo. Maji."

Alitoka mlangoni akiegemea fimbo, akapiga kelele barabarani, "Kuna mwanamke yeyote huko? Mama yeyote!" Nyumba kwa mistari, milango yote inaangalia barabara, na hakuna aliyejibu. Mguu haungefika shambani. Sauti ikaita tena, na sasa haikutaja jina la mtu, ilisema maji tu.

Afanye nini? Akiingia, atamdhalilisha mara ya pili, akiwa kitandani, mgonjwa. Asipoingia, atamwua kwa kiu. Mwalimu hakusema lolote juu ya siku kama hii. Silasi alisimama pale na kikombe cha bati chenye maji, na machozi yakamtoka, mtu mzima mwenye watoto watano.

Halafu akageuka. Akaingia mlango wa pili kwa mgongo. Fimbo mkono mmoja, mkono mwingine ameupeleka nyuma na kikombe, anarukaruka kwa mguu mmoja kuelekea asikokuona.

"Nani?" sauti ikauliza.

"Ni mimi, mama. Sigeuki."

Kisha: "Kushoto. Hapo kuna jiwe la kusagia. Pita. Hapo hapo."

Vidole vyenye moto viligusa vyake, vikachukua kikombe. Alisikia anakunywa, anapumzika, anakunywa tena.

"Siku ile ulinitisha," akasema yule mama.

"Najua. Nilidanganyika. Nisamehe, mama."

Hakujibiwa. Akangoja. Kikombe kikaanguka, kikaviringika mpaka kikagusa kisigino chake.

"Mama? Niongeze?"

Alisikiliza pumzi, lakini mvua ilikuwa imeanza kupiga bati na hakusikia kitu. Labda amelala. Labda anafikiri la kujibu, maana hakuwa mtu wa haraka. Kugeuza shingo tu kungemwambia yote, na shingo yenyewe ilikuwa yake. Hakugeuka. Alisimama hivyo hivyo, mguu unadunda, akitazama mlango ulio wazi na barabara inayojaa maji. Kila baada ya muda akauliza, "Mama?"

Wankyo alimkuta hivyo saa tisa, amelowa jasho.

"Wankyo," akasema bila kugeuka, "mwangalie mama. Mimi siwezi."

Wankyo akapita. Hakupiga kelele mara moja. Alikaa kitandani kwanza. Kisha akasema taratibu, "Silasi, ameshakwenda. Geuka umwone. Ametulia, utadhani anataka kucheka. Hana tena wa kumwonea haya."

Silasi akatikisa kichwa. Akatoka jinsi alivyokuwa, mbele kwa mbele, akaenda kusimama kwenye mvua.

Kwenye mazishi wengine walipita kumuaga mmoja mmoja, na yeye alibaki mbali, amewapa mgongo. Clementi karani alimwona akadhani hana huzuni. Hadi leo ukimuuliza Silasi kama mkwe wake alimsamehe, atakuambia hajui. Na ukimuuliza alikuwa anafananaje, atanyamaza, maana alimwona uso mara moja tu, na ni ile asubuhi aliyomtisha.