Kitambaa cha Kofia ya Chuma

"Mwenzangu, yule bibi anashona sanda," Bimdogo alimwambia Justa bombani Mkuyuni, akisogeza ndoo yake. "Mchana kutwa mlango umefungwa. Mwanangu kachungulia, kamwona kapakata kitambaa chekundu, anakinusa. Anakinusa, nakwambia! Na sanda nyekundu si ya Mungu."

"Sanda nyekundu uliiona wapi wewe?" Justa alimjibu, akimkaza vizuri mtoto mgongoni. Lakini badala ya kurudi kwake, alishika njia ya kwa yule bibi. Bibi Teodora huyo ndiye aliyemkanda kwa maji ya moto alipojifungua, maana mama yake mzazi yuko ng'ambo ya ziwa, Kamanga.

Akapiga hodi. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ingia, funga mlango."

Bibi Teodora alifundishwa kudarizi na masista akiwa msichana, na sindano hiyo ndiyo iliyomlelea watoto. Kisha serikali ikafungulia bidhaa za nje. Mitumba ikajaa sokoni, kiwanda cha nguo kikapunguza watu, na vitambaa vyake vya meza havikuuliziwa tena. Ilimbakia kazi moja tu: bendera ya kanisa, yenye nembo ya ukoo wa Kizungu uliotoa kengele zamani. Ni ngao, juu yake kofia ya chuma ya askari, na kutoka kwenye kofia kitambaa chekundu kinashuka huku na huku. Panya walikuwa wameitafuna bendera ile, Padri Maige akamwagiza adarizi mpya. Jumapili watu wa ukoo ule wangekuja kuiona.

Leo Jumatano, bendera mpya ilikuwa mapajani mwake, na machozi hayajamkauka.

"Padri katoka hapa sasa hivi. Anasema nimeharibu."

"Huko bombani wanasema unashona sanda, kumbe bendera! Mbona imependeza, bibi?" Pindo la kile kitambaa cha kofia lilikuwa zima, limenyooka.

"Ndiyo kosa lenyewe. Kwenye bendera ya zamani pindo limechanikachanika. Nikasema, hawa panya hawana adabu, nikaziba kila mchaniko. Kumbe ulichorwa hivyo hivyo! Askari alifunika kofia kwa kitambaa kujikinga na jua, vitani mapanga yakakikatakata. Michaniko ndiyo sifa yake. Kitambaa kizima ni cha mtu aliyejificha."

"Basi mimi na kanga yangu hii iliyochanika ni ukoo mkubwa," Justa alisema.

Bibi alicheka, kicheko kikafia njiani. "Padri anataka nifumue na kumaliza kabla ya Jumamosi. La sivyo, inakwenda kwa fundi wa cherehani ya umeme, mjini. Na kazi nyingine hataniletea."

"Si ufumue tu, bibi? Siku zipo."

Bibi Teodora alichukua wembe, akainua kitambaa mpaka kikamgusa pua, kama alivyosema Bimdogo. Kidole kikapapasa uzi. Wembe ukapita pembeni, ukamkata dole gumba. Tone la damu likaingia kwenye ule wekundu, lisionekane tena. Ndipo Justa alipoyatazama macho yake vizuri: yote mawili yalikuwa na ukungu mweupe.

"Tangu lini, bibi?"

"Tangu Pasaka. Nani atampa kazi fundi kipofu?"

Nje ndala za Bimdogo zilipita, maji yakimwagika ndooni. Bibi alizisikiliza mpaka zikaishia mbali, kisha akautia wembe kiganjani mwa Justa.

"Mjukuu wangu, wewe una macho. Mlaze mtoto hapo mkekani, unichanie. Nitakuonyesha kwa kidole pa kukata. Na mlango uache hivyo hivyo umefungwa. Afadhali waseme ni sanda."