Majani ya Mbuzi

Shangazi yangu akirudi kutembea ufukweni Diani hukoroga unga wa kijani wa kopo. Leo amenikorogea na mimi. "Mlonge huu, mwanangu. Unatia nguvu kweli." Harufu yake mbichi imenipanda puani, na hasira imepanda nayo.

Ndiyo harufu ya chumba cha mamangu. Alikuwa amejifungua mdogo wangu, arobaini haijatimia, na maziwa hayamtoki sawasawa. Bibi akawa anampikia majani ya mlonge wetu wa uani, kwa tui zito. Siku moja shangazi aliingia bila hodi, akafunua sufuria. "Mke wa kaka yangu wa kulishwa majani ya mbuzi? Watu watasemaje?" Akaumwaga mchuzi wote nje ya mlango, ungali wa moto, kisha akaamuru mti ukatwe. Mama alimgeuzia mtoto titi la pili, na mtoto akazidi kulia.

Sasa nanyanyuka na glasi, naelekea mlangoni.

"Taratibu, mwanangu," shangazi ananiambia. "Usimwage hata tone."